Kuvijua Viungo vya Farasi, na Faida Yake kwa Mwenye Punda

Juma hili naomba ruhusa niyaache mambo ya ofisi na ya shamba niliyozoea kuyaandika hapa, nizungumze nanyi juu ya mwili wa farasi. Najua wengi watacheka na kusema, "Karani huyu wa Riruta farasi amemwona wapi?" Swali hilo ni la haki. Farasi nimewaona kama ninyi mlivyowaona: siku za Jumapili, katika uwanja wa mashindano ulio kando ya Ngong Road, uliofunguliwa mwaka 1954, ambao hauko mbali na nyumba zetu. Sina farasi, wala sitarajii kuwa naye. Lakini jambo lililotupata mimi na jirani yangu limenifundisha kwamba mtu asiyejua majina ya viungo vya farasi aweza kumwumiza punda wake mwenyewe kwa ujinga, na kuinyima nyumba yake chakula. Nitalieleza kama lilivyokuwa, bila kujipamba, maana kosa lilikuwa langu.

Jirani yangu ni mzee mwenye punda mmoja na mkokoteni mmoja. Kwa mali hiyo huwapelekea maji watu wa Riruta Satellite na Kawangware mifereji ikaukapo, na siku ambazo maji hayahitajiki huchukua mchanga, kuni au mboga za sokoni. Siku moja punda alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia. Kila alipofika kwenye mteremko alisimama, akarusha mateke, akakataa kwenda. Mzee alimchapa, akisema kwamba hiyo ndiyo kawaida yake, maana shukrani ya punda ni mateke. Jioni akaniita akasema, "Karani, wewe umesoma, na simu unayo. Hebu mwulize Bwana Mifugo huyu ana nini."

Nikapiga simu, nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye mambo, "Goti la nyuma la kulia limevimba." Bwana Mifugo siku hiyo alikuwa safarini. Akaniuliza, "Una hakika ni goti?" Nikajibu, "Ni goti, nimeliona kwa macho yangu." Basi akanieleza kwamba katika goti la punda mna mfupa mdogo ambao mara nyingine hukwama, na kwamba mnyama wa namna hiyo asifungwe mahali pamoja kutwa, bali atembezwe polepole mpaka yeye mwenyewe atakapofika. Mzee aliposikia neno "atembezwe" alifurahi, akamtia punda mkokotenini kwa siku tatu zaidi, akidhani kwamba kazi ndiyo dawa. Siku ya nne punda hakuweza kukanyaga.

Bwana Mifugo alipofika, hakutugombeza. Aliweka mkono juu ya uvimbe, akanitazama, akasema, "Karani, hapa si goti. Hapa ni kisigino." Kisha akapanda na mkono wake juu, mpaka pale mguu unapokutana na tumbo, akasema, "Goti ni hili, na goti hili ni zima." Nilikuwa nimempa jina la kiungo kingine, naye akaniagiza dawa ya kiungo hicho kingine. Daktari wa simu hana macho ila maneno yako.

Nilipoona haya akaniambia, "Usifadhaike. Simama juu ya ncha za vidole vya miguu." Nikasimama vivyo hivyo uani, watoto wakinicheka. "Kisigino chako kiko wapi sasa?" Nikasema kimeinuka juu. "Basi hivyo ndivyo farasi asimamavyo maisha yake yote, na punda kadhalika. Hutembea kwa ncha ya kidole. Ukilikumbuka hilo, hutakosea tena."

Akaomba chaki, akaanza kuandika juu ya mwili wa punda, kiungo baada ya kiungo. Alisema alifundishwa hivyo hivyo chuoni. Kwa masomo hayo mfano huwa ni farasi, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa kwa makini tangu zamani. Hata mchoraji mmoja wa Uingereza, George Stubbs, alipasua maiti za farasi kwa miezi mingi, kisha mwaka 1766 akatoa kitabu cha picha za mifupa na misuli yao. Farasi, punda na punda milia ni jamaa moja. Ajuaye viungo vya mmoja amevijua vya wote, isipokuwa tofauti chache nitakazozitaja.

Kabla ya kuendelea nataka kusema neno moja juu yetu sisi wa upande huu wa Dagoretti. Sisi tumekaa karibu na machinjio miaka mingi, na viungo vya ng'ombe twavijua sana: paja, kidari, mbavu, sarara. Lakini hayo ni majina ya bucha. Yamewekwa kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kufa, nayo hutaja penye nyama. Mnyama wa kazi ana thamani yake penye mifupa, kano na kwato, yaani katika zile sehemu ambazo mwenye bucha huziuza kwa bei ndogo au huzitupa. Ndiyo maana mtu aweza kumfuga punda miaka kumi asijue jina la kile kinachomlisha.

Sasa tuanze kichwani. Nyuma ya masikio pana utosi, ambapo kamba ya kichwa hupita. Kamba ikibana hapo kila siku huchimba kidonda. Mbele ni paji la uso, kisha mfupa wa pua, ambao nusu yake ya chini ni mwembamba na laini. Mwisho wake ni mianzi ya pua. Farasi na punda hawapumui kwa kinywa kama sisi au kama mbwa. Pumzi yao yote hupita puani. Kwa hiyo mtu afungaye kamba chini sana, karibu na mianzi ya pua, anamziba mnyama pumzi huku akimdai mwendo. Chini ya taya pana mshipa wa damu upitao juu ya mfupa. Ukiweka ncha za vidole hapo utahesabu mapigo ya moyo. Punda aliyepumzika hupiga kati ya 36 na 52 kwa dakika, na farasi mkubwa hupiga machache zaidi, kati ya 28 na 44. Ndani ya kinywa, baina ya meno ya mbele na magego, pana nafasi isiyo na meno. Hapo ndipo lijamu hukaa, na hatamu hufungwa kwake.

Shingoni kuna singa, zile nywele ndefu. Singa za farasi hulala upande mmoja. Za punda husimama wima kama burashi. Mwisho wa shingo, pale mabega mawili yanapokaribiana juu, farasi ana kilele kilichoinuka. Kilele hicho ndicho kipimo cha kimo chake: farasi hapimwi kichwani, kwa sababu kichwa hupanda na kushuka, bali hapo, kutoka ardhini, kwa vipimo vya inchi 4 kila kimoja, upana wa kiganja cha mtu. Kilele hicho ndicho pia huzuia tandiko lisiteleze mbele. Punda kilele chake ni kidogo sana, karibu hana. Basi tandiko au shogi ya punda huteleza upesi, na mzigo huangukia juu ya uti wa mgongo. Uti wa mgongo haukuumbwa ubebe kitu juu yake. Mzigo yafaa ukae pande mbili juu ya nyama, na katikati ibaki njia ambamo mkono wa mtu waweza kupita.

Tukija kifuani, hapa pana jambo lililonistaajabisha. Mtu ana mtulinga, ule mfupa unaounga bega na kifua. Farasi hana. Miguu yake ya mbele imeshikamana na mwili kwa misuli na kano tu, na kiwiliwili kimening'inia katikati yake kama machela baina ya wachukuzi wawili. Tena miguu hiyo ya mbele ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya uzito wake, kadiri ya sehemu tatu katika tano. Mbele ya bega pana ncha ya mfupa unayoweza kuishika kwa kiganja. Ukanda wa kifua ambao punda huvutia mkokoteni yapasa upite juu ya ncha hiyo, ili usiikwaruze kila apigapo hatua, na chini ya mahali shingo inapoanza, ili usiikabe njia ya pumzi. Nafasi iliyopo si kubwa, na wengi wetu huikosa kwa sababu hatukujua kwamba ipo.

Mguu wa mbele ufikirie kama mkono wako. Karibu na mbavu pana kisugudi. Chini yake ni mkono wenye misuli, kisha kile tukiitacho goti la mbele. Lakini kwa kweli hicho ni kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Chini ya hapo hakuna msuli tena. Kuna mfupa mmoja mrefu, na nyuma yake kano ngumu kama kamba. Mtu mwenye busara huzipapasa kano hizo kila jioni, kwa sababu kano iliyoumia hupata joto na kuvimba kabla mnyama hajaanza kuchechemea. Kisha kuna kifundo cha chini, kisha kiungo kifupi kilicholala kama shingo ya kwato, kisha ukingo ambapo nywele hukoma na kwato huanza.

Kwato ni ukucha. Ni ukucha wa kidole kimoja, kidole cha kati, na kila mguu una kimoja tu. Hukua kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi, na kwa hiyo hutakiwa kupunguzwa kila baada ya majuma 6 hadi 10, na mtu ajuaye. Ukiinua mguu utaona chini yake kitu chenye umbo la kabari, laini kidogo kama mpira. Hiyo kabari hukanyaga ardhi, hupunguza kishindo na kusaidia damu kupanda. Mitaro iliyo kando yake ndiyo maficho ya mawe, vigae na misumari, na barabara zetu hazina upungufu wa vitu hivyo. Kwato za punda ni nyembamba na wima kuliko za farasi, tena hunyonya maji upesi. Akisimama topeni kutwa huoza.

Sasa mguu wa nyuma, mahali nilipoaibika. Juu ni kiuno, kisha nyonga, kisha makalio yenye nguvu zote za kusukuma. Goti la kweli limejificha mbele, ubavuni pa tumbo, wala halionekani vizuri mpaka uliguse. Kile kiungo kikubwa kilichochongoka nyuma, katikati ya mguu, ambacho watu wote hukiita goti, ni kisigino. Ndiyo maana huonekana kwamba kimekunjwa kinyume. Hakikukunjwa kinyume, sisi ndio tuliokipa jina lisilo lake.

Bwana Mifugo alipomaliza kuandika alimwambia jirani yangu, "Mzee, sasa tujue nani aliyekipiga kisigino hiki." Akamrudisha punda polepole mbele ya mkokoteni uliokuwa mtupu, akauonyesha ubao wa mbele. Ulikuwa sawasawa na uvimbe, kwa kimo kile kile. Mkokoteni haukuwa na ukanda wa nyuma, ule upitao chini ya makalio ili mnyama aweze kuuzuia mzigo kwa mwili wake wakati wa kushuka. Mitungi 20 ya maji ya lita 20 ni kilo 400, bila kuhesabu chuma na mbao. Mteremkoni uzito huo wote ulimfuata punda na kumgonga kisigino. Naye akirusha teke alikuwa akijikinga, akasimama kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kusema. Mzee alinyamaza kitambo, akashika shingo ya punda, akasema, "Nami nilikuwa nikimpiga kwa sababu hiyo."

Punda alipumzika majuma matatu. Katika majuma hayo mzee hakuuza maji, na karo ya mjukuu wake ikachelewa. Kisha alishona ukanda wa nyuma kwa turubai na magunia, akausogeza ubao, na tangu hapo punda hashindani naye mteremkoni. Ukanda wenyewe haukumgharimu hata mapato ya siku mbili.

Tazameni basi nguvu ya jina. Nilipokiita kiungo goti, hapakuwa na sababu yoyote ya kuumia kwake, na punda akaonekana mvivu. Kilipoitwa kisigino, mkosaji alionekana mara moja, naye ni mkokoteni. Wenzetu wa Lamu wameyajua haya kwa muda mrefu, kwa kuwa katika vichochoro vyao punda ndiye gari. Hospitali ya punda ilifunguliwa huko mwaka 1987, na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yamefanywa huko, ambapo mshindi si mwenye mbio bali mwenye mwili usio na kidonda.

Kwa ajili ya mwenye punda aliye mbali na daktari, ninaandika hapa maswali ambayo yampasa kuyajibu kabla ya kupiga simu. Kwanza, ni mguu wa mbele au wa nyuma, wa kulia au wa kushoto? Kulia na kushoto ni kwa mnyama mwenyewe, si kwako wewe uliyesimama mbele yake. Pili, ni kiungo gani ukihesabu kutoka chini: kwato, ukingo wake, kifundo cha chini, mfupa mrefu, au kiungo kilicho juu yake? Tatu, ni upande wa ndani au wa nje, mbele au nyuma? Nne, pana joto kuliko mguu wa pili? Tano, akitembea kichwa chake hufanyaje? Farasi au punda aumwaye mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, na kukiinamisha unapokanyaga mguu mzima. Na uvimbe ukiuona juu, usiache kutazama kwato, kwa maana maumivu mengi ya miguu huanzia chini. Punda ni hodari wa kuficha maumivu. Akikuonyesha, ujue yamezidi.

Wako watakaosema, "Punda ni punda, akifa utanunua mwingine." Siku hizi neno hilo si rahisi. Hesabu ya watu na mali ya mwaka 2009 ilikuta punda karibu milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Mwaka 2012 punda aliingizwa katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa, kisha yakafunguliwa machinjio manne, na ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea, watu wakaamka asubuhi wakakuta mifupa. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku yake. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hivyo punda naye alipewa majina ya bucha. Yatupasa sisi tulio naye akiwa hai tumpe majina ya kazi.

Tena sheria iko. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, hukataza kumpakia mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa. Lakini sheria humkamata mtu baada ya kosa, na elimu humzuia kabla yake.

Nina shauri moja dogo. Jumapili ijayo, wakati punda amepumzika, waite watoto, uwape chaki, nao waandike juu ya mwili wake majina niliyoyataja. Anzeni na kisigino. Mjukuu wa jirani yangu amekwisha kuyajua yote, na juzi alinisahihisha mbele za watu niliposema tena "goti." Sikuona haya. Kuuliza si ujinga, na kusahihishwa na mtoto ni bora kuliko kumlipisha punda gharama ya kutokujua kwangu.

Wasalaam, ni mimi,
Karani wa Riruta.